Ukoka wa Mpishi

Nilifika Shinyanga juu ya lori, nimekaa kwenye magunia, siku ya tatu tangu nitoke Geita. Tulipita Masumbwe, tukapita Kahama, na vumbi la njia ile lilikuwa limeniingia mpaka kwenye meno. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia, mwezi wa kumi, mwaka ambao mvua ilichelewa mno. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Nyuma yangu nilikuwa nimeacha kazi ya ukarani katika mgodi wa dhahabu, kazi ya nne kuiacha tangu nimalize sekondari. Hakuna aliyenifukuza. Mashine za kuponda mawe kule mgodini zilipiga usiku na mchana, na nilipoanza kuzisikia hata Jumapili, zikiwa zimezimwa, nilikunja nguo zangu nikaaga.

Nilitaka kimya. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa nitakalolieleza lilitoka hapo.

Shinyanga haikuwa mahali pa kukipata. Ulikuwa msimu wa pamba. Kinu cha kuchambulia kilinguruma tangu alfajiri, malori yalipanga mstari mpaka nje ya mji, maduka ya Wahindi yalijaa watu waliotoka kuuza, na treni ya Mwanza ilipiga king'ora kana kwamba inagombana na mtu. Karibu na stesheni palikuwa na hoteli yenye veranda na viti vya kamba. Sikuipandia ngazi. Kila mtu alijua hoteli ile ni ya nani na si ya nani, hata kibao chao cha "Wazungu tu" kilikuwa cha ziada. Nikamwendea mpagazi mmoja aliyekuwa amelalia mkokoteni wake, nikamuuliza mtu kama mimi hulala wapi.

"Una ndugu hapa?"

"Ndugu zangu wako Kishapu."

"Si mbali."

"Siendi Kishapu."

Alinitazama viatu, kisha uso. "Basi nenda kwa Mpishi. Fuata reli mpaka darajani, halafu kata kushoto. Ukiona kijani umefika. Kijani kingine huko hakuna."

Nilitembea saa nzima. Mbuga ilikuwa imepasuka nyufa ambazo mguu ungeweza kuzama. Visiki vilienea pande zote, vya miti iliyofyekwa kwa amri ili mbung'o waondoke, na kati ya visiki palisimama ng'ombe ambao mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa njiani. Kisha nikaona ua wa minyaa, mrefu kuliko mtu, na lango la mbao lililopakwa rangi ya buluu. Nikalisukuma.

Sijui nieleze vipi. Nyuma yangu kulikuwa na nchi iliyokauka, na mbele yangu palikuwa na ukoka, uwanja mzima wa ukoka, umekatwa sawasawa kama nywele za mtu anayekwenda harusini. Kando yake palikuwa na mikomamanga, miasumini, mlangilangi mmoja uliopandwa karibu na veranda, na njia ya changarawe iliyofagiliwa ikaachwa na alama za ufagio. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, imepakwa chokaa, bati juu, vyumba vinne. Ngurumo ya kinu haikufika pale. Nilisimama nikasikia ndege mmoja akikwaruza bati, basi.

Mwenyewe alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa mtu mfupi, umri wake unakaribia sitini, kanzu imepigwa pasi mpaka imekuwa na mistari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu hotelini."

Hakusema karibu nyumbani. Alinichukulia sanduku kwa nguvu, nilipolishika akaniambia niliachie, mgeni wa hoteli habebi kitu. Vyumba vyake havikuwa na namba. Kimoja kiliitwa Mkomamanga, kingine Mpera, kwa mti uliokuwa mbele ya dirisha. Mimi nilipewa Asumini. Juu ya kitanda palikuwa na taulo lililokunjwa, na beseni la maji lilifunikwa kitambaa chenye shanga pembeni ili upepo usikipeperushe.

Alikuwa Mzaramo. Aliondoka pwani akiwa kijana, msaidizi wa jikoni wa mhandisi wa reli, na reli ilipokwenda naye alikwenda. Baadaye akawa mpishi mkuu katika hoteli za wazungu, Tabora, Mwanza, mwisho Shinyanga. Mke wake alikuwa amezikwa Tabora. Jioni ile ya kwanza aliniandalia wali na kuku, mchuzi umeungwa kwa karanga kwa kuwa nazi za kutoka Dar es Salaam hufika zimeoza, alisema, na samahani sana. Vitambaa vya meza vilisimama kwenye glasi kama masikio ya sungura. Yeye hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti changu mpaka nikamwomba akae, naye akakaa ukingoni, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukinunua.

"Miaka thelathini nimepika hotelini," alisema, "na sijawahi kukalia kiti cha hoteli. Nikasema, nitajenga yangu, na mtu mweusi mwenye safari yake ataingia, atavua kofia, ataletewa supu. Hilo tu."

Lakini haikuwa hoteli bado, kwa sheria. Bila leseni hakuweza kuweka kibao barabarani, wala kupokea makarani na walimu waliosafiri kwa kazi ya serikali. Aliomba leseni mara ya kwanza, ofisa akaja, akala, akasifu, akaondoka. Jibu likawa kwamba nyumba ni safi na chakula ni kizuri, ila mgeni akifungua dirisha anaona pori.

"Basi nikampa kitu cha kuona," alisema. Mbegu na vipandikizi alivileta kutoka kwao, ndani ya magunia yaliyoloweshwa, akivinyunyizia maji kila stesheni kama mama mwenye mtoto wa homa. Ukoka aliuotesha kipande kwa kipande. Aliumwagilia kwa maji ya kisima chake na kwa maji ya kuogea wageni; niliyooga asubuhi niliyaona mchana kwenye mizizi ya asumini. Mvua tatu zilikuwa zimepita tangu aanze. Sasa ofisa alikuwa anakuja tena. Alinitolea barua kutoka kwenye mkebe wa biskuti. Kiingereza cha kusema alikijua, cha jikoni na mezani, lakini kusoma hakujua chochote ila Kurani. Nikamsomea: Jumatano ijayo, saa nne asubuhi.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Asubuhi ya Ijumaa, nikiwa verandani na chai yangu, nilimsikia mtu akiita nje ya ua.

"Mtani! Hujafa bado?"

"Nikifa nani atawafundisha kula kwa uma?" Mpishi alijibu kutoka jikoni, bila hata kuchungulia.

Alikuwa jirani yake, Msukuma mrefu aliyevaa koti la jeshi na kushika fimbo. Alisimama nje ya lango, hakukanyaga ndani. Kama inavyojulikana, Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani, na wale wawili walikuwa wakilipana kila asubuhi.

"Ndama wangu wameniuliza tena," alisema jirani. "Wanasema, yule mkwea minazi, nyasi zake zimeiva, au lazima azikaange kwanza?"

"Waambie hapa hotelini hawaingii miguu mitupu. Uwanunulie viatu. Vinne vinne."

"Nitawanunulia. Na wewe utawafunga kamba, mgongo wako umezoea kuinama."

"Nenda, unanuka maziwa, wageni wangu wanakula!"

Wote wawili walicheka, nami nikacheka. Mpishi akarudi kwenye sufuria zake. Jirani akanigeukia, akanisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, nami nikaitikia kabla sijakumbuka kwamba sikutaka kujulikana. Uso wake ukabadilika. Alisogea, akaegemea fimbo, akaniambia kwa lugha yetu, taratibu, hana kicheko tena:

"Mwanangu, huyu mtani wetu ana maneno mengi, lakini ni mtu. Tangu afunge nyasi hizi hatujamwingilia. Mvua tatu. Mwaka jana mbuzi wa bibi mmoja walipenya hapo pembeni, tukakaa kikao, tukamtoza kuku. Tunajua anawawekea ndama. Na mwaka ndio huu. Tunangoja yeye ataje siku."

Nilielewa yote kwa mara moja.

Kwetu, mtu anayefunga nyasi wakati wa mvua, akaweka ua, akazuia mifugo, amefunga ngitiri. Haihitaji tangazo. Majirani wataiheshimu, watawafukuza ng'ombe wao wenyewe, watamtoza anayeiingilia, na wote hufanya hivyo wakijua kwamba jua likizidi, mwenye ngitiri ataifungua, kwanza kwa ndama, kwa ng'ombe waliozaa na kwa maksai wa kulima. Hafungui mwingine. Yeye mwenyewe huondoa tawi la kwanza la ua kwa mkono wake, na yeye huchagua mnyama wa kwanza kuingia. Hata ng'ombe akifa hatua tano kutoka kwenye nyasi, hakuna atakayevunja ua kabla ya hapo.

Nami nilijua jinsi ngitiri inavyoombwa. Hainyenyekewi, kwa sababu kumnyenyekea mtu ni kumsukuma, na akikataa mtabaki na aibu kati yenu. Huombwa kwa mzaha, na kwa mtani ni rahisi zaidi. Mpishi alidhani miaka mitatu wanamheshimu kwa sababu ya hoteli yake. Wao walidhani miaka mitatu anawatunzia nyasi. Kila asubuhi walikuwa wakimwomba, na kila asubuhi yeye alijibu mzaha kwa mzaha, nao wakarudi nyumbani wakisema hajakataa.

"Alikuwa anasema nini kwa Kisukuma?" Mpishi aliniuliza aliponiletea mayai.

Nikasema: "Anakutania tu, mzee."

Nimejaribu mara nyingi kutafuta maneno mazuri kwa jibu lile. Sikutaka kumuumiza kabla ya Jumatano, hiyo ni kweli kidogo. Kweli kubwa ni kwamba nilikuwa nimelala usiku mmoja bila mashine kichwani. Nilijua nikifungua mdomo patakuwa na kikao, kutafsiri, watu kuingia na kutoka, nami nitakuwa katikati, mtoto wa Kishapu, nikiulizwa baba yangu ni nani na kwa nini sijafika kwetu miaka minane. Nilikuwa mgeni wa bustani na nilitaka bustani ikae kama ilivyo. Nikala mayai yangu.

Ng'ombe wa baba yangu walikufa nikiwa na miaka tisa, mwaka wa jua kama ule. Namkumbuka mama akimtia ndama vidole mdomoni ili anyonye kitu chochote. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kamba, natazama ukoka.

Jumamosi na Jumapili nilimsaidia Mpishi kupaka chokaa mawe ya njiani. Alikuwa kama bwana harusi. Alijaribu supu mbili, akaniuliza ipi nzuri, akaamua ile ambayo sikuichagua. Jirani alikuja asubuhi zote mbili, wakataniana, akaenda.

Jumatatu alikuja bila kuita. Tulimkuta tu langoni. Ndama wawili walikuwa wamekufa usiku, wake na wa kaka yake. Hayo aliniambia mimi, kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili alisema, "Mtani, leo ndama wangu wameniambia wewe ni mwoga. Unataja vyakula, siku hutaji."

Mpishi alikuwa juu ya ngazi, anafuta kioo. "Siku? Jumatano! Saa nne! Nina mgeni mkubwa siku hiyo, njooni wote na ng'ombe wenu, nitawaandikia majina mezani!"

Jirani hakucheka. Alipiga makofi mawili ya polepole, akainama, akasema, "Wabeja." Asante. Akaondoka kwa hatua ndefu, karibu anakimbia, na fimbo haikugusa chini.

"Leo hana nguvu ya utani," Mpishi alisema akiwa juu ya ngazi.

Nilikuwa nimeshika ile ngazi. Neno moja tu lingetosha. Nilimwona jirani akiwa bado karibu, koti lake likipepea. Ningeweza hata kumwita. Nikashika ngazi.

Jumatano niliamka kukiwa kumekucha na nikasikia kitu ambacho mtu wa kwetu hakisahau, sauti ya ng'ombe wengi waliosimama na hawalii. Kwato zinahama tu, na pumzi. Nilitoka. Mpishi alikuwa tayari njiani, amevaa juu ya kanzu koti lake jeupe la mpishi mkuu, lenye vifungo vya shaba alivyovisugua kwa majivu. Alifungua lango kidogo akachungulia.

Walikuwa nje, wanaume, wanawake, watoto, na mbele yao ndama, labda arobaini, na ng'ombe waliokonda na maksai wanne. Ng'ombe mmoja alishikiliwa mkia na kifua na watu watatu ili asilale, kwa kuwa akilala hanyanyuki. Hakuna aliyesogea. Waliacha nafasi mbele ya lango, nafasi ya mtu mmoja kusimama.

Mpishi alicheka. "Mtani! Kweli umewaleta! Viatu viko wapi?"

Kicheko chake kilikwenda kikaisha chenyewe. Alitazama nyuso, moja baada ya nyingine, kisha akanigeukia mimi.

"Wanangoja nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza ngitiri ni nini, mvua tatu, kuku wa yule bibi, ndama waliokufa Jumapili usiku, na siku aliyoitaja mwenyewe akiwa juu ya ngazi. Nilisema haraka, nikitazama vifungo vyake.

"Wewe umelijua hili tangu lini?"

"Ijumaa, mzee."

Hakunitukana, na ningependa kama angenitukana.

Kisha akamwendea jirani. "Mtani, saa nne anakuja mtu. Ni mambo ya hoteli hii, nimeyangoja miaka. Akishaondoka, saa sita, nitafungua. Naapa."

"Tutangoja," alisema jirani. "Nyasi ni zako."

Na walikuwa tayari kungoja, hilo nataka lijulikane. Mmoja wa wazee alishaanza kukaa chini. Jua lilikuwa limepanda na hapakuwa na kivuli nje ya ua, miti yote ilikuwa visiki. Mpishi alirudi ndani hatua chache, akasimama kwenye changarawe. Niliona akitazama ukoka, kisha madirisha, kisha meza iliyokwisha andaliwa verandani, vitambaa vimesimama kwenye glasi. Nyuma yetu watu wale watatu walisema kitu kwa pamoja, na yule ng'ombe waliyemshikilia akaanguka. Ulikuwa mshindo mdogo sana kwa mnyama mkubwa vile.

Mpishi alivua koti la vifungo. Alitafuta pa kuliweka, akanipa mimi. Akaenda kwenye ua, kando ya lango, akavunja tawi la mnyaa kwa mkono mtupu, na utomvu mweupe ukamwagikia kanzuni.

"Yupi anaanza?" aliniuliza. "Niambie vizuri sasa."

"Wewe unachagua, mzee. Aliye dhaifu."

Alimwonyesha ndama mmoja mweupe, akambeba yeye mwenyewe, miguu ikining'inia, akamweka katikati ya ukoka. Ndama alisimama tu. Hakujua kilicho chini yake. Kisha akainamisha kichwa, na wanawake nje wakapiga vigelegele, na wote wakaingia.

Ofisa alifika saa nne na nusu. Kufikia hapo ukoka ulikuwa umekwisha kuliwa mpaka kwenye udongo, mikomamanga miwili imevunjwa, samadi imejaa njiani na mawe ya chokaa yametawanyika. Ofisa alikuwa kijana, mwenye soksi ndefu, hakuwa mtu mbaya. Alipita kati ya maksai akishikilia kofia. Mpishi alimpokea kwenye ngazi, kanzu ina utomvu na nywele za ndama, akamwambia kwa Kiingereza chake cha mezani kwamba supu iko tayari.

Alikunywa. Alikunywa yote, ndama mmoja akiwa ameegemea nguzo ya veranda. Nilijaribu kumweleza desturi ile, nikatumia Kiingereza chote nilichofundishwa shuleni. Alisikiliza. Alisema ni desturi nzuri sana na angependa kuiandika katika daftari lake. Kuhusu leseni, alisema, atapeleka ripoti ya alichokiona.

Mchana ulipokwisha na ng'ombe wakatolewa, majirani walisalimu mmoja mmoja kwa mikono miwili. Mpishi aliwajibu wote. Jirani alikuwa wa mwisho. "Mtani," alisema, "wewe si mkwea minazi tena." Mpishi akasema, "Nenda, unanuka maziwa," lakini sauti ilitoka bila nguvu.

Nilikaa siku mbili zaidi. Aliendelea kunihudumia kama kwanza, taulo limekunjwa, chai kwa wakati. Ijumaa aliniomba jambo moja.

"Kaa mpaka mvua inyeshe. Hapa nimeishi kama kiziwi, nimeliona sasa. Nahitaji mtu wa kuniambia watu wanasema nini."

Nilisema nitakaa. Nadhani nilipokuwa nikisema nilimaanisha. Jumamosi nilisikia king'ora cha treni kutoka mbali, upepo ulikuwa umegeuka, na kabla ya saa saba nilikuwa stesheni na sanduku langu.

Nilirudi mwaka uliofuata, baada ya masika, nikitokea Tabora. Sikuwa na shughuli Shinyanga. Ukoka ulikuwa umerudi, ila kwa namna ya ajabu, umeota kwa matuta, mstari kwa mstari. Majirani walikuwa wamekuja na majembe kumpandia upya, nao walipanda kama walivyoamriwa kupanda pamba. Ilikuwa bustani ya kuchekesha na nzuri. Nyuma ya nyumba walikuwa wamefunga kipande kingine cha nyasi, cha ndama.

Mpishi alikuwa amezeeka zaidi ya mwaka mmoja. Alinipa chumba kilekile. Baada ya chakula alileta mkebe wa biskuti.

"Jibu lilikuja. Wageni wawili wamenisomea," alisema. "Wa kwanza, mwalimu aliyekuwa likizoni, alisema wamekubali ila leseni yenyewe bado inachapishwa. Wa pili, karani wa pamba, alisema bado wanafikiri. Wote walikuwa watu wazuri, waliniambia huku wakitazama supu. Soma wewe."

"Kwa nini mimi, mzee?"

"Wewe uliwahi kunificha jambo, na ulikuwapo ukaona lilivyoishia."

Niliifungua. Ilikuwa fupi. Nilisoma mara moja kimya, na nilijua kwa nini wale wawili walishindwa. Alikuwa amekaa mbele yangu, safari hii amekaa kiti kizima, mikono juu ya magoti. Nje, kwenye matuta, mtu alikuwa anafyeka taratibu.

"Wamekataa," nilisema. "Wanasema ofisa aliona mifugo ndani ya uwanja na ngazini. Wanasema nyumba yako haifai kuwa hoteli na haitafaa. Wanasema usiombe tena."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

Alichukua karatasi, akaitazama upande wenye maandishi, akaikunja kama ilivyokuwa.

"Ahsante," alisema. Akaniuliza kama nitalala siku moja au zaidi, nikamwambia mpaka mwisho wa mwezi. Akaitikia kwa kichwa, akaenda jikoni, nikamsikia akichagua mchele.